Si Ulikuwa Kwenye TV Wewe?

Hotuba kwa wahitimu wa darasa la saba na wazazi wao, Kigoma Mjini

Mwalimu Mkuu, walimu, wenyeviti wa mitaa, wazazi na walezi: mwakeye. Wadogo zangu wahitimu, shikamoo zenu nimezisikia, marahaba.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa kusema, "Huyu ndiye yule mtoto mliyekuwa mkimwona kwenye TV." Kasema kwa upendo, na makofi yenu nimeyapokea. Lakini mimi niliacha kuigiza nikiwa na miaka 13. Nilikaa mbele ya kamera miaka minne. Kwenye uvuvi sasa natimiza mwaka wa 12, na wengi wenu mnanijua kutoka mwaloni, Kibirizi na Katonga, alfajiri, na daftari langu na ubao wa kupimia samaki. Nikifa leo, natumaini mtakaonizika mtasema kazikwa afisa uvuvi.

Nilikuwa nimeandika hotuba nyingine, ya kuwahimiza kusoma. Nimeiacha kwenye mkoba kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza ni igizo la asubuhi hii. Yule binti aliyekuwa yatima amelia mpaka machozi yakamdondoka kwenye kola, na akina mama mmelia naye. La pili ni neno la Mwalimu Mkuu, kwamba mwezi uliopita walipita vijana wenye kamera wakitafuta watoto wa kuigiza vichekesho vya kurusha mtandaoni, na wazazi watatu wa shule hii wameshapewa karatasi za kusaini. Sijaja kuwakataza. Nimeona afadhali niwaeleze nilichopitia, kwa sababu siku nilipopelekwa mimi hakukuwa na mtu wa kuwaeleza wazazi wangu.

Nilizaliwa Mwanga, hapa hapa Kigoma. Nikiwa darasa la pili nilipelekwa Dar es Salaam kulelewa na mama mdogo. Televisheni Tanzania Bara ilikuwa bado changa, ilianza mwaka 1994. Mtaani kwetu nyumba yenye TV ilijulikana, na siku ya igizo dirisha lake lilijaa vichwa. Jirani mmoja alikuwa kwenye kundi la maigizo. Walimhitaji mtoto wa miaka 9 mwenye sauti isiyotetemeka. Nikapelekwa, nikasoma karatasi niliyopewa, nikachukuliwa. Ilikuwa mwaka 2002.

Nilipenda. Hilo lazima nilitangulize, maana wapo wanaodhani kila mtoto wa kamera kalazimishwa. Nilipenda taa zile, nilipenda watu wazima kunyamaza wote kwa pamoja ili mimi niseme. Mtoto wa tano katika nyumba ya watu tisa hanyamaziwi hivyo mahali pengine popote.

Dairekta alinifundisha kulia. Aliniambia, funga macho, mfikirie bibi yako amekufa. Bibi yangu alikuwa mzima, yuko hapa Ujiji akikamua mawese. Nikimfikiria amelazwa mkekani, machozi yanakuja. Kwenye ile nyumba ya kurekodia nilimzika bibi yangu mara nyingi mno. Halafu mwaka 2005 akafa kweli. Tukaletwa mazishini. Nilikaa na watoto wenzangu, macho makavu kabisa. Nikafunga macho nimfikirie kama nilivyofundishwa, nikakosa cha kufikiria, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa mbele yangu limefunikwa shuka. Machozi yalikuja jioni, watu wameshaanza kutawanyika. Jirani mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Huyo anaigiza."

Nilikuwa na miaka 12. Neno hilo sijawahi kulisema mbele ya watu mpaka leo. Ninalisema kwa ajili ya yule binti wa asubuhi.

Malipo yalikuja kwenye bahasha ya kaki. Mama mdogo alisaini daftari kwa niaba yangu, tukapanda daladala, tukarudi. Fedha ile ililisha watu, iliezeka chumba cha uani, ilinunua viatu vya binamu zangu. Mama mdogo alinilea kama mwanawe na mpaka leo nikiwa Dar nalala kwake. Lakini katika miaka yote minne hakuna mtu mzima aliyenikalisha akanionyesha: hii ni jasho lako, hii imetumika nyumbani, na hii inakungoja. Nilipotaka ada ya chuo, baba aliuza mtumbwi.

Tulirekodi usiku, kwa sababu usiku magari yanapungua na sauti inatoka safi. Asubuhi nikawa nalala darasani. Walimu wengine walinifurahia, wakaniita jina la yule mtoto wa kwenye igizo, wakaniacha nilale. Mwalimu mmoja wa hisabati hakuniacha. Alinunua kauntabuku la jalada jeusi, na kila somo nililokosa aliliandika humo kwa mkono wake, na mifano, na mazoezi. Nikifika ananikabidhi, nikirudi anakagua. Hakuwahi kuniuliza hata siku moja habari za TV. Wakati ule nilimwona mkali na asiyenipenda.

Kisha nikarefuka. Kwenye igizo nilikuwa mtoto mdogo wa familia, na mtoto mdogo anayemfikia mama yake mabegani anaharibu hadithi. Hakuna aliyeniita kuniambia. Nilipewa karatasi zangu za wiki kama kawaida, nikasoma kwamba yule mtoto anasafirishwa kwenda shule ya bweni. Nikauliza atarudi lini. Mama wa mavazi alinivua gauni la njano nililolivaa kwa muda mrefu, akalikunja, akaliweka kwenye sanduku pamoja na mengine.

Nilirudi Kigoma kwa treni baada ya mtihani wa darasa la saba. Siku mbili njiani, mjomba akiniuliza kila stesheni kama nina njaa. Tabora akaninunulia asali. Uvinza wakapanda akina mama na vifurushi vya chumvi, mmoja akanikazia macho muda mrefu, kisha akasema: "Si ulikuwa kwenye TV wewe? Sasa imekuwaje?"

Swali hilo ninalo tangu siku ile. Nimeulizwa sekondari, nimeulizwa chuoni Mbegani nikijifunza kuparua samaki, nimeulizwa mwaloni na mtu niliyekuwa nimetoka kumkamata na nyavu zisizoruhusiwa. Anayeuliza hana ubaya. Lakini lisikilizeni vizuri. Mtu akiwa mwalimu miaka minne kisha akafungua duka, hatumwulizi imekuwaje, tunamwuliza biashara inakwendaje. Mtoto aliyeonekana kwenye kioo ndiye pekee ambaye kila kazi anayofanya baadaye inahesabiwa kuwa ameanguka.

Na si kwetu tu. Marekani wamekuwa na watoto wa namna hii kwa miaka mia na zaidi, na nimesoma habari zao kwa hamu ya mtu anayetafuta ndugu.

Kuna mmoja aliitwa Ken Osmond. Aliigiza kwenye tamthilia ya Leave It to Beaver, iliyorushwa kuanzia 1957 hadi 1963. Alikuwa yule kijana anayewaamkia wazazi wa wenzake kwa heshima zote, wakigeuka tu anafanya ujeuri. Aliigiza vizuri kiasi kwamba baadaye alipata shida kupata nafasi nyingine. Kila aliyemwona alimwona yule yule mjeuri. Mwaka 1970 akajiunga na polisi wa Los Angeles. Na akafuga masharubu ili watu wasimtambue. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo. Mtu mzima, ana bunduki na kitambulisho cha serikali, lakini inabidi ajifiche nyuma ya masharubu ili afanye kazi yake kwa amani. Mwaka 1980 alipigwa risasi akimfukuza mtu aliyeshukiwa kuiba gari. Fulana ya kuzuia risasi na bizimu ya mkanda wake ndivyo vilivyomwokoa. Alifariki mwaka 2020, na ingawa polisi alitumikia miaka mingi kuliko ile ya tamthilia hiyo, watu walimlilia yule kijana mjeuri.

Mwingine ni Gary Coleman. Wazazi wa umri wangu huenda mlimwona, mtoto mfupi mwenye mashavu, anachekesha mpaka unashika mbavu. Tamthilia yake ilianza 1978 ikaisha 1986. Alikuwa na ugonjwa wa figo tangu utotoni, alipandikizwa figo mara mbili, na dawa na ugonjwa vikazuia urefu wake. Watu walicheka ufupi wake. Ufupi ulikuwa ugonjwa. Fedha zake zilipita mikononi mwa wazazi na msimamizi wake, akawashtaki mwaka 1989, na mwaka 1993 mahakama ikampa haki, zaidi ya dola milioni moja. Hazikumtosha maisha. Kuna wakati alifanya kazi ya ulinzi. Kazi ya ulinzi ni kazi ya halali, wapo walinzi katika hadhara hii wanaosomesha watoto. Ila yeye alipoivaa sare ile, nchi nzima ilimcheka. Alikufa mwaka 2010, ana miaka 42.

Sasa nisikilizeni hapa, wazazi, kwa sababu hapa ndipo sheria ilipozaliwa. Kabla ya hao wote kulikuwa na mtoto wa filamu za kimya, Jackie Coogan. Mwaka 1921 alionekana pamoja na Charlie Chaplin, akawa mtoto maarufu kuliko wote duniani. Inakadiriwa alichuma dola milioni tatu hadi nne, kwa thamani ya dola ya wakati ule. Alipotimiza miaka 21 akaenda kuomba chake. Baba yake alikuwa ameshafariki, mama ameolewa tena. Akajibiwa kwamba hana chake. Na sheria ya jimbo lao la California wakati huo ilikubaliana nao: alichochuma mtoto kilikuwa mali ya mzazi. Alikwenda mahakamani mwaka 1938. Alichopata mwishoni ni dola 126,000.

Watu walikasirika. Mwaka 1939 California ikatunga sheria ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ilikuwa na matundu. Ndiyo maana ilirekebishwa, na tangu mwaka 2000 inasema wazi kwamba fedha ya mtoto ni ya mtoto, na asilimia 15 ya malipo lazima mwajiri aipeleke moja kwa moja kwenye akaunti isiyoguswa na mtu mpaka mtoto atimize miaka 18. Angalieni urefu wa muda huo. Tangu yule mtoto aambiwe hana chake, ilipita zaidi ya miaka 60 kabla sheria haijakaa sawa. Coogan mwenyewe alirudi kwenye televisheni akiwa na upara na tumbo, kwenye tamthilia ya The Addams Family, akifanya kazi ili aishi.

Sitaki mtoke hapa mkidhani wote waliumia. Yupo Peter Ostrum. Akiwa na miaka 12 aliigiza katika filamu moja kubwa iliyotoka 1971, ya mtoto maskini anayepata bahati ya kuingia kiwanda cha chokoleti. Wakampa mkataba wa filamu tatu nyingine. Akakataa. Aliporudi nyumbani familia ikanunua farasi, na farasi akaletewa daktari. Mtoto akamtazama yule daktari anavyofanya kazi. Basi. Mwaka 1984 akahitimu udaktari wa mifugo, akatibu ng'ombe na farasi vijijini huko jimbo la New York maisha yake yote ya kazi. Mimi nikifikiria mkono wa yule daktari ndani ya ng'ombe usiku wa manane, halafu nikumbuke sura yake ya utotoni kwenye kile kiwanda cha peremende, najisikia vizuri siku nzima.

Na yupo Danica McKellar, aliyeigiza binti wa jirani kwenye The Wonder Years kuanzia 1988 hadi 1993. Alikwenda chuo kikuu kusoma hisabati. Kabla hajahitimu mwaka 1998 alikuwa ameshathibitisha kanuni mpya ya hisabati, yeye na mwanafunzi mwenzake wa kike na mwalimu wao, na kanuni hiyo inabeba majina yao watatu. Ametunga vitabu vya hisabati kwa wasichana. Mabinti wa darasa la saba mnaosema hesabu ni za wavulana, nawaachia jina hilo.

Nimejiuliza mara nyingi, kati ya Coleman na huyu binti wa hisabati, tofauti ni nini? Kipaji walikuwa nacho wote. Ugonjwa wa figo hakuuchagua mtu. Lakini kuna kitu kimoja naona wazi. Ostrum alipotaka kutoka, palikuwa na mlango: nyumba inayomruhusu kukataa fedha, shule inayomngoja, farasi kwenye banda. McKellar alikuta mlango wa chuo uko wazi. Mtoto hawezi kujijengea mlango huo. Ana miaka 9, anajua taa na makofi. Mlango wa kutokea hujengwa na watu wazima, tena kabla mtoto hajajua kwamba atauhitaji. Wangu mimi ulikuwa kauntabuku la jalada jeusi. Mwalimu yule alijua nitarefuka. Watu wote wenye kamera walijua pia, lakini yeye peke yake ndiye aliyefanya maandalizi.

Ninyi watu wa ziwani hili mnalielewa kuliko wengine. Mwaka 2024 tulipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, mlinikasirikia. Nilitukanwa Kibirizi, nilitukanwa hata na shangazi yangu anayeanika dagaa. Sikuwalaumu, sufuria haisubiri. Lakini mliniona mwaloni nikiwaonyesha dagaa wa urefu wa ukucha, wanaokamatwa kabla hawajataga hata mara moja. Mnajua hasara yake kwa sababu mmeiona kwenye nyavu. Basi hao vijana wa kamera nao wanataka watoto wadogo hasa, kwa sababu mdogo ndiye anayechekesha. Akirefuka watatafuta mwingine. Hawatakuwa na chuki naye. Watakunja gauni tu.

Kwa hiyo, wazazi wenye zile karatasi. Nchi yetu ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema umri wa chini wa kumwajiri mtoto ni miaka 14, na kazi yenyewe iwe nyepesi, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule. Inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Inasema mtoto ana haki ya kulipwa ujira unaolingana na kazi aliyofanya. Sheria hiyo haikuwepo nilipokuwa mtoto mimi, ninyi mnayo. Karatasi isiyotaja saa za kazi, mrudishieni aliyeileta. Isiyotaja malipo, mrudishieni. Inayosema picha za mtoto zitatumika milele bila malipo mengine, msiisaini hata kama mmeshapikiwa pilau. Na fungueni akaunti ya benki kwa jina la mtoto, hata kama kinachoingia ni shilingi 5,000. Akifika miaka 18 apewe kitabu chake mkononi, ajue kwamba kulikuwa na mtu aliyemhesabia.

Mkimwona mtoto wenu kwenye simu ya jirani, furahini, mpigieni vigelegele. Kisha mwulizeni kafanya zoezi la hesabu ukurasa wa ngapi.

Wahitimu, kwenu nina moja. Huko sekondari mtamkuta mwenzenu aliyewahi kujulikana kwa kitu: aliimba redioni, alichekesha mtandaoni, alikimbia mashindano ya mkoa. Sasa hafanyi tena. Msimwulize imekuwaje. Mwulizeni sasa hivi anapenda kufanya nini, mkae mmsikilize jibu lake lote.

Nakala ya Sheria ya Mtoto nimemwachia Mwalimu Mkuu. Wazazi wale watatu, baada ya chakula nitakuwa darasa la tano B, njooni na karatasi zenu tuzisome mstari kwa mstari. Mwenye miwani aje nayo, nimeambiwa maandishi ni madogo. Na wewe binti uliyeigiza yatima, kama mama ataridhia, chukua sahani yako uje ukae karibu nami. Nataka unieleze ulipokuwa unalia pale mbele ulikuwa unamfikiria nani.

Asanteni.